Mizizi ya Tata Symphorien

Mama Odile wa mtaa wa Manika, pale Kolwezi, ukitaka kumjua sawasawa, tupa kitu mbele yake. Kitu chochote: ganda la kiazi, maji yaliyooshea mchele, hata kijiti cha kiberiti ambacho bado kina upande wa kuwaka. Atakuja polepole, mikono nyuma, atakiangalia kile kitu pale chini, kisha atakuangalia wewe, na atakuuliza swali lake moja tu: "Ilikukosea nini?"

Tatiana, mke wa mwanawe Elisée, aliulizwa swali hilo siku ya pili tangu afike. Alitoka Lubumbashi, bibi harusi mwenye kucha za rangi, na alitaka waone kwamba kucha si uvivu. Akaosha lenga-lenga, ile mboga ya majani, akaukung'uta mchanga wote, kisha akayamwaga maji uani kwa mkono wa maringo.

"Ile maji ilikukosea nini?"

"Mama, ilikuwa chafu."

"Chafu ya nini? Ni udongo. Na kule ku beseni, lenga-lenga yangu inakaaka mu nini? Mu sukari?"

Tatiana alicheka kidogo, akaona anacheka peke yake.

Jiko lenyewe ni banda la matofali nyuma ya nyumba, lina mlango mmoja na dirisha lisilo na kioo. Ukiingia mara ya kwanza utadhani ni jiko la mtu asiye na kitu. Kaa wiki mbili, utaona ni la mtu asiyepoteza kitu, na hayo ni mambo mawili mbali kabisa. Maji ya mboga huenda kwenye mabeseni yaliyotoboka, ambamo mama amepanda lenga-lenga na vitunguu. Maganda ya muhogo na ya viazi vitamu ni haki ya sungura watatu walio nyuma ya choo. Bukari iliyolala, yaani ule ugali wa unga wa mahindi na muhogo, asubuhi hukatwa vipande na kuchomwa juu ya makala, yaani makaa ya kuni, na ukoko wake huanikwa juu ya bati mpaka ukauke, ukatwangwa tena kwa uji. Chenga za makala, ambazo kwa watu wengine hukanyagwa tu, yeye huzikanda na udongo na maji, akafinyanga mipira, na mipira miwili mitatu inatosha kuivisha maharagwe. Tena maharagwe yenyewe yamekwisha kulala kwenye maji usiku kucha. Yakichemka vizuri, anaifunika sufuria, anaiviringishia blanketi kuukuu, anaitia ndani ya kapu, na inajimalizia kupika yenyewe huku mama yuko misani. Majivu nayo yana kopo lao. Na kila kinachozeeka katika jiko lile, kibunzi cha mahindi, wavu wa vitunguu, kitambaa kilichochanika, humalizia kazi yake kwa kusugua masufuria kwa majivu hayo.

Kitu kimoja tu hakipiti mlango ule. Elisée ni dereva wa lori kwenye barabara za migodi, na siku moja alileta gunia zuri, imara, lililokuwa limebeba mawe ya madini kutoka upande wa Mutoshi. Alikuwa amelifua mara mbili, akalianika, akangoja sifa. Mama Odile hakuligusa hata kwa kidole.

"Gunia ya mine haiingiake mu jikoni yangu. Hata uifue mpaka Noeli. Bunga njo bunga, mawe njo mawe."

Kwake unga ndio unga, na vumbi la madini halitoki kwa kufua. Kwa hiyo msimwite bahili. Bahili angelichukua lile gunia.

Hakuzaliwa na tabia hizo. Mume wake, marehemu Symphorien, ambaye nyumbani humwita tata, yaani baba, alikuwa mtu wa reli, na ulifika wakati mishahara ilianza kuchelewa, kisha ikaacha kuja kabisa, na nyumbani mlikuwa na watoto watano. Usijaribu kumhurumia kwa ajili ya miaka ile, atakukasirikia. Yeye husema ndiyo iliyompa macho. Symphorien alikuwa akienda kwao Kasaji kwa treni, akirudi na muhogo begani na fungu la mizizi ya munkoyo aliyoichimba mwenyewe porini. Mizizi hiyo huondolewa maganda, ikapondwa mpaka ikawa nyuzi, ikatiwa ndani ya uji wa mahindi uliopoa kidogo. Uji unalegea, unakuwa mtamu, na kesho yake una kinywaji kinachoitwa jina lile lile la mzizi, munkoyo. Mama Odile alikiuza kwa kikombe karibu na stesheni, na watoto wote watano walisoma kwa munkoyo. Mizizi haitupwi baada ya kazi. Inaoshwa, inaanikwa, inangoja mara nyingine.

Symphorien alifariki miaka mitatu iliyopita. Fungu lake la mwisho lilikaa ndani ya kopo la maziwa ya unga, juu kabisa ya rafu, na katika familia hakuna aliyekunywa munkoyo bila kusema, "Hii ni ya mizizi ya tata."

Basi, tuje kwenye jambo lililomnyima Tatiana usingizi. Kwa watu wa Mama Odile, mwanamke anayeolewa hula kwenye moto wa mama mkwe mpaka siku ambayo mama mkwe mwenyewe, mbele ya familia, atamwashia mbabula yake, yaani jiko lake la makala. Siku hiyo munkoyo hunywewa. Kabla ya hapo ataosha, atakata, atakoroga, lakini moto si wake. Na nyumbani kwa Mama Odile kuna desturi nyingine juu ya hiyo: sahani zikiisha kuwa tupu, mwenye moto ndiye anayeshukuru kwa niaba ya wote, na hashukuru kwa jumla. Anataja kimoja kimoja. "Aksanti juu ya maji. Aksanti juu ya makala. Aksanti juu ya chumvi yenye jirani yetu mama Naomie alitupatia." Wageni wenye haraka hujuta. Wengine wanaoolewa humaliza mwezi mmoja wakapewa moto wao. Tatiana alikuwa ameingia mwezi wa nne.

Na alikuwa na sababu yake, ambayo hata Elisée hakuijua. Mama yake alikufa yeye akiwa na miaka minne, na tangu hapo alilelewa na shangazi huyu, halafu huyu, halafu yule. Alipika tangu mikono yake ilipoweza kuinua mwiko, na siku zote alipika kwenye moto wa mtu. Hakuna aliyewahi kuweka moto mbele yake akasema, huu ni wako, wewe ni wa hapa. Aliona haya kumwambia mtu kwamba anaweza kulia kwa ajili ya mbabula.

Ndipo Jumatano moja, wakichambua maharagwe, Mama Odile akasema bila kuinua kichwa, "Siku ya yenga, kisha misa, tutakuwashia moto yako. Nilisha kumuita Louise." Alimaanisha Jumapili, baada ya misa.

Louise ni dada mkubwa wa Elisée, anakaa Lubudi, ana moyo mzuri na mdomo usiojua kupumzika. Jibu lake lilikuja kwa sauti kwenye simu, na kwa kuwa Mama Odile husikiliza simu kwa sauti ya juu kabisa, mtaa mzima ulilisikia: "Mama, nitakuya. Lakini ule mutoto wa Lubumbashi atachoma makala ya mwezi mu siku tatu!" Mama Odile alicheka. Tatiana naye alicheka, lakini maneno yale yakamkaa rohoni.

Ijumaa asubuhi Mama Odile alishusha kopo la maziwa, akatoa fungu la mizizi, akalilowesha na kuliweka juu ya kichanja cha vyombo lilainike, kisha akaenda parokiani kufagia kanisa na akina mama wenzake. Aliondoka haraka, hakusema neno. Siku zote alikuwa akipika munkoyo peke yake, alfajiri, Tatiana akiwa bado na deki ya nyumba.

Tatiana akabaki na wazo zuri. Mawazo mazuri ndiyo yanayotuponza. Sufuria kubwa, ile ya sherehe, ilikuwa nyeusi kwa moshi wa miaka, na Jumapili ingewekwa mbele ya watu wote. Akaamua aing'arishe. Akachukua kopo la majivu, akatazama juu ya kichanja, na pale, kati ya vibunzi na nyavu kuukuu za vitunguu, akaona fungu la nyuzi za kijivujivu, limelowa tayari. Akafurahi. Alijiambia kwamba sasa amekuwa mtu wa jiko hili kweli. Zamani angekimbilia dukani kununua kisuguo, leo anajua kitu kizee kinamalizia kazi wapi. Akasugua sufuria kubwa. Akasugua na mbili ndogo. Tusidanganyane, nyuzi zile zilisugua vizuri sana, na kufika adhuhuri ungeweza kuchania nywele mbele ya sufuria ile.

Mama Odile aliporudi alisimama mlangoni akashika kiuno. "Aksanti, Tatiana. Hata siku ya ndoa yangu haikungaraka hivi." Akaizunguka sufuria, akaigonga kwa kidole. Kisha akatazama kichanja.

"Na mizizi ya tata iko wapi?"

Tatiana alikuwa bado nayo mkononi. Ilikuwa nyeusi tii kwa masizi, imevurugika, inachuruzika maji ya majivu. Mama Odile aliipokea kwa mikono miwili. Tatiana alingoja swali, *ilikukosea nini*, na aliliomba lije, kwa sababu likija atajua kwamba mambo ni ya kawaida. Halikuja. Mama aliingia chumbani kwake, akafunga mlango, akatoka jioni tu saa ya kula. Sahani zilipokwisha akashukuru kwa maneno machache, "Aksanti juu ya siku," na hayo ndiyo yote.

Tatiana hakuhitaji kuambiwa. Moto wake ulikuwa umekwenda.

Jumamosi asubuhi alichukua pesa aliyoitunza kwa kusuka nywele, akaenda sokoni kutafuta mizizi. Si mizizi tu, mizizi ya Kasaji. Alipita meza moja hadi nyingine mpaka akaelekezwa kwa Mama Tshiela, bibi mfupi mwenye kitambaa cha bluu kichwani, ambaye hufunga kila fungu lake kwa ukanda wa kitambaa kama hicho.

"Uko wa kwa nani, mama?" Mama Tshiela aliuliza huku akimchagulia.

"Kwa mama Odile wa Manika."

Bibi akaacha kuchagua. "Odile? Odile alisha kukamata yake juma yenye ilipita! Kila mwezi anakamataka kwangu. Inapita mwaka sasa. Anataka ingine ya nini?"

Tatiana alisimama pale na fungu mkononi, watu wakimpita huku na huku. Mwaka mzima. Basi munkoyo ya Noeli, munkoyo ya ndoa yake mwenyewe, ile ambayo wajomba waliinywa wakasema hakuna kama mizizi ya tata, ilikuwa ya meza hii. Alilipa, akashukuru, akarudi nyumbani akitembea polepole sana.

Alipofika, Louise alikuwa amekwisha kufika kutoka Lubudi na kapu la maharagwe, na Elisée, kwa ujinga wa wanaume wanaodhani kusema ukweli mapema kunapunguza kelele, alikuwa amekwisha kumwambia yote.

"Mizizi ya tata!" Louise alimpokea uani. "Ya tata yangu! Unasuguliaka nyungu? Na unataka moto? Moto gani? Mutu mwenye hajue kintu ya takataka na kintu ya marehemu, tumupatie moto?"

Neno lilikuwa kwenye ulimi wa Tatiana. Lilikuwa fupi na lingemwokoa pale pale: ile mizizi ilikwisha nguvu zamani, mama yenu ananunua sokoni. Alimwona Mama Odile amesimama kwenye mlango wa jiko, mikono nyuma, mdogo kuliko siku zote. Akalimeza lile neno.

"Yaya Louise," alisema, kama anavyoitwa dada mkubwa, "nilikosa. Munisamehe. Nilileta ingine, hata kama haiko sawa na ile ya tata." Akanyoosha fungu, na ukanda wa bluu ukaning'inia.

Mama Odile aliutazama ule ukanda. Aliutazama muda mrefu, kisha akamtazama Tatiana, na wote wawili wakajua.

"Louise," akasema, "wachaka. Ikala kwanza." Akamsukumia kigoda.

Akaingia jikoni, akatoka na kopo la maziwa, akalifungua, akatoa fungu jingine. Nalo lilifungwa kwa ukanda wa bluu.

"Mizizi ya tata yenu ilisha kukufa. Inapita mwaka. Nilikuwa naitia mu uji, uji inabakia vile vile, nzito. Nikaenda kwa mama Tshiela. Ile mulikunywaka ku Noeli, mukasema 'aah, ya tata haina mwenzake', ilikuwa ya soko. Ya tata nilikuwa naloweshaka tu, naweka kando, juu mi mwenyewe nisione haya."

Louise akaketi.

"Mi njo ninaulizaka batu, ilikukosea nini, ilikukosea nini. Na mi mwenyewe naweka mu kopo kintu yenye haifanyake kazi. Naifungua, naiangalia, nafunga. Tata yenu hakuikalaka bure hata siku moja. Jana nikaona nyungu inangara vile, nikajua inasuguliwa na nini. Nikaingia mu chumba nikalia." Akamgeukia Tatiana. "Uliwaza iko kasirani. Haikuwa kasirani, mutoto yangu. Nilikuwa nasema, aksanti Mungu, ilipata kazi. Na leo ulijua siri yangu na ukanyamaza, hata wakati banakutukana. Na ile pia, aksanti."

Tatiana akasogea karibu naye. Mama Odile akampa kopo la maziwa, tupu. "Chukua. Na wewe utatafutia hii kazi. Sasa twende, uji haitajipika."

Siku ile walipika munkoyo pamoja, kwa mizizi ya Mama Tshiela, na Louise akakoroga bila kuambiwa.

Jumapili, baada ya misa, mbabula mpya iliwekwa katikati ya uani. Elisée alikuwa ameitengenezesha kwa fundi wa kuunga vyuma, kutokana na rimu ya gurudumu la lori lililochakaa. Mama Odile alichuchumaa, akapanga makala moja moja. Kisha akafungua fundo la kitenge chake, akatoa mizizi ya Symphorien. Alikuwa ameiosha, ameianika juu ya bati tangu Ijumaa jioni, nayo ilikuwa mikavu, miepesi, imerudia rangi yake ya kijivu.

"Mama," Louise alisema kwa sauti ndogo, "njo ya tata ile?"

"Njo yenyewe. Ilikuwa inabakiza kazi moja."

Akaiingiza chini ya makala na kuwasha kwa kijiti kimoja. Nyuzi zilishika mara moja, zikawaka kwa mwanga safi, na moshi wake ulikuwa na harufu tamu kidogo ya uji wa zamani. Elisée aliinamisha kichwa. Makala nayo yakaanza kushika, la kwanza, la pili, mpaka moto ukawa moto. Mama Odile akasimama kwa kuegemea bega la Tatiana, akampa mwiko. "Ni yako. Uko wa hapa."

Tatiana akalia mbele ya watu wote, na kucha zake za rangi, na hakuona haya hata kidogo.

Walikula maharagwe ya Lubudi na bukari, wakanywa munkoyo kutoka kwenye sufuria inayong'aa. Sahani zilipokuwa tupu, kila mtu akamgeukia Tatiana, maana sasa zamu ilikuwa yake. Akasimama, akaanza.

"Aksanti juu ya maji. Aksanti juu ya makala. Aksanti juu ya maharagwe ya yaya Louise, na mizizi ya mama Tshiela." Watu wakadhani amemaliza. "Aksanti juu ya tata Symphorien. Mi sikumuonaka. Lakini ni yeye aliniwashia moto."

Aliyesema amina kwanza alikuwa Louise, na sauti yake ilikatika katikati ya neno.

Jumatatu asubuhi Tatiana aliamka kabla ya wote. Mbabula ilikuwa imepoa. Akakusanya majivu kwa kiganja, taratibu, hakumwaga hata kidogo, akayatia yote ndani ya lile kopo la maziwa. Kisha akachukua kibunzi cha mahindi, akakichovya, akaanza kusugua sufuria.